Tusisubiri Miaka Mia

Julai 28, 2024, Mmisri wa miaka 21, Mohamed El-Sayed, alipanda ulingo wa mchezo wa vitara (fencing) ndani ya Grand Palais, Paris, kuwania shaba ya Olimpiki. Alimshinda Tibor Andrásfi wa Hungary 8 kwa 7. Mguso mmoja tu, na medali ikaja Afrika.

Kitara chake huitwa epe. Shabaha yake ni mwili mzima, toka utosini hadi unyayoni. Anayetangulia kugusa hupata pointi. Wakigusana kwa pamoja, wote wanapata. Mwenye pupa hachelewi kuchomwa.

Siku moja kabla, katika jumba hilohilo, Alexandra Ndolo aliiwakilisha Kenya, Mkenya wa kwanza kucheza vitara Olimpiki. Amezaliwa Ujerumani, baba yake Mkenya. Mwaka 2022, akiichezea Ujerumani, alitwaa medali ya fedha ya ubingwa wa dunia jijini Cairo. Kisha akahamia bendera ya Kenya, ili vijana wa huku wapate njia. Paris alishindwa 13 kwa 12. Naye pia, mguso mmoja.

Lakini El-Sayed hakupanda ulingoni peke yake. Misri ilipeleka mchezaji wa vitara Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na medali yake ya kwanza katika mchezo huo ikaletwa na Alaaeldin Abouelkassem, London, 2012. Miaka 100 ya kufundishana, mkubwa kwa mdogo. Ndolo, akiwa na miaka 37, hakuwa na Mkenya wa kumtangulia.

Anayesema huu ni mchezo wa wageni, aende Lamu atazame kirumbizi: watu wawili, fimbo mkononi, ngoma na zumari zikilia, kila mmoja akimvizia mwenzake. Jicho hilo tunalo. Wepesi huo wa mguu tunao.

Tusichokuwa nacho ni vifaa: barakoa, koti la kinga, glovu, kitara chenye ncha ya umeme. Tunakosa makocha, na nauli ya kumfikisha kijana mashindanoni, maana vitara havijifunzwi kwa kupiga hewa. Unajifunza kwa kuguswa na aliyekuzidi. Wizara, kaunti na wafanyabiashara wetu, gharama hiyo tuibebe sasa, kijana angali na miaka 12, tusingoje ashinde ndipo tumpokee uwanja wa ndege kwa maua.

Misri ilihitaji miaka 100. Yetu ilianza kuhesabiwa Julai 27, 2024.