Gari la Umeme Lina Kelele Zake
Maneno ya ofisa wa habari wa kaunti kwa madereva na wakazi, Buxton

 

Septemba 2023 Rais alizindua mpango wa pikipiki za umeme papa hapa Mombasa. Na bandarini kwetu zinashuka Nissan Leaf zilizotumika Japani. Wenye nazo huuliza: mbona gari tuliloambiwa ni kimya lina kelele?

Nyingi si ngeni. Injini ya petroli ilikuwa ikizifunika. Sasa unasikia tairi kwenye lami, upepo dirishani, dashibodi ikigongagonga. Mluzi mwembamba unaopanda kwa mwendo ni mota na gia zake. Feni ikivuma gari liko kwenye chaji, inapoza mitambo. Hayo yasikukoseshe usingizi.

Breki ndizo zilizonileta hapa. Ukiachia mafuta (tumezoea kusema hivyo, ingawa mafuta hamna) mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Pedi hupumzika, hudumu muda mrefu. Lakini sisi tuko kisiwani; upepo wa chumvi unapiga usiku na mchana, na diski isiyosuguliwa hushika kutu. Mkwaruzo wa asubuhi unaoisha ukikanyaga breki mara mbili tatu ni kutu ya juu juu. Usipoisha, au ukisikia chuma kinasaga chuma, peleka gari kwa fundi siku hiyo hiyo. Ngurumo inayozidi kwa mwendo na kubadilika ukikata kona, mwambie aangalie bearingi za magurudumu.

Fundi wetu wa mtaani aliyezoea breki na bearingi ataziweza. Nyaya nene za rangi ya chungwa asiziguse kama hakuzisomea. Zina volti mamia, na zinaua.

Kuna sauti nyingine, ile ya kuwekwa makusudi. Ulaya, tangu Julai 2021, kila gari jipya la umeme ni lazima litoe mlio likienda polepole, hadi kilomita 20 kwa saa. Baadhi ya magari ya zamani yana kitufe cha kuuzima. Dereva, nakuomba usiuzime. Jioni hapa Abdel Nasser watoto wanatoka madrasa, na asiyeona huvuka kwa masikio.