Majina ya Waliotutangulia
Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu



Kila mwaka, katika majuma mawili ya Pitru Paksha, sisi Wahindu huwatolea maji marehemu wetu tukiwataja kwa majina: baba, babu, na baba wa babu. Jina la kwanza hutoka upesi, na la pili twalikumbuka. Likifika la tatu, vijana wengi hunyamaza wakamtazama mzee. Mzee naye akiondoka, hatabaki wa kutazamwa.

Majirani zetu wanayo makaburi ya kuwaonyesha wajukuu. Sisi huchoma maiti na kuyakabidhi majivu kwa maji, wala hatuachi jiwe lenye jina. Kwa hiyo maandishi ndiyo alama pekee ya marehemu wetu, na hatuna budi kuyatafuta wangali hai wanaojua pa kuyatafuta.

Tuanze na kumbukumbu za serikali. Usajili wa vizazi na vifo katika Tanganyika ulitungiwa sheria mwaka 1920, na leo unasimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Wilayani, kazi hiyo hufanyika katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mwombaji wa cheti cha kifo ajiandae kutaja jina kamili la marehemu, mahali alipofia, tarehe, na uhusiano wao. Kifo ambacho hakikusajiliwa kwa wakati chaweza kusajiliwa baadaye, kwa ushahidi wa kuridhisha. Pasipo cheti hicho, hata mirathi hukwama mahakamani.

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Wilaya ya Nyasa ilizaliwa mwaka 2012 kutoka Mbinga, na Mbinga yenyewe zamani ilikuwa sehemu ya Songea. Anayemtafuta babu aliyefia Mbamba Bay kabla ya Uhuru asishangae kuelekezwa Songea. Tena Liuli, katika maandishi ya Wajerumani, huitwa Sphinxhafen. Basi kabla ya kuuliza ofisini, tujue kwanza mahali pale paliitwaje na palitawaliwa kutoka wapi wakati ule.

Majirani zetu wanayo hazina nyingine, nayo ni vitabu vya misheni. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, na ufukweni Waanglikana wa UMCA walihudumu kutoka kisiwa cha Likoma, ambacho leo ni cha Malawi. Parokia huandika ubatizo, ndoa na vifo. Aendaye huko achukue jina la ubatizo pamoja na jina la nyumbani, jina la baba, kijiji, na mwaka wa kukisia. Kisha awe na subira, kwa kuwa mwandishi wa zamani aliandika jina jinsi alivyolisikia.

Nasi tunavyo vitabu vyetu vya mbali. Huko Haridwar, kando ya mto Ganga, makuhani wa ukoo hutunza daftari za familia kwa vizazi vingi. Humtafuta mtu kwa kijiji cha asili na ukoo wake, wala si kwa mji alikohamia. Mjukuu aliyeko Leicester, ajuaye tu kwamba babu yake alikuwa na duka huku kwetu, hawezi kufunguliwa daftari hilo mpaka alitaje jina la kijiji kule Gujarat.

Ndugu zetu, hapa twahitajiana. Mfanyabiashara aliyeishi peke yake ufukweni, jamaa zake wakiwa mbali, alizungukwa na majirani. Yamkini mzee wa Lituhi au wa Liuli ndiye anayekumbuka alifariki msimu gani na nani aliyemuuguza. Vivyo hivyo, daftari la mikopo la duka la zamani laweza kuwa na jina la babu wa Mmatengo ambalo halikuandikwa penginepo.

Twaomba basi kila nyumba, kabla ya Pitru Paksha ijayo, iandike ukurasa mmoja: majina ya marehemu kwa kila namna yalivyoandikwa, vijiji vyao, miaka, na nani asemaye hayo. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine hekaluni. Majirani wanaopenda kuleta kurasa zao wakaribie. Kabati ni moja.

Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujalie kuwataja kwa majina yao.