Vivuko vya Mito Mitakatifu
Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na majirani katika maadhimisho ya mwaka wa hekalu letu



Kamati imenitaka nizungumzie mahali pa hija palipo kando ya mito mitakatifu, pamoja na visasili vyake. Mimi si mwanazuoni wa Kisanskriti. Elimu yangu iliishia sekondari, na umri wangu mwingi umepita dukani na katika foleni ya malori hapa mpakani. Hata hivyo, huenda mfanyabiashara wa mpakani ana haki yake ndogo katika jambo hili, kwani neno tunalolitumia kwa mahali pa hija, yaani tirtha, maana yake ya asili ni kivuko. Ni pale mtoni ambapo maji ni haba, mguu hugusa chini, na msafiri huweza kufika ng'ambo. Wahenga walilichukua neno hilo la wasafiri wakalitumia kwa safari ya roho.

Kwa ajili ya majirani zetu nitaanza na kisasili cha Mto Ganga, ingawa watoto wetu wamekwisha kukisikia. Mfalme Sagara alikuwa na wana elfu sitini. Alipokuwa akitoa kafara kuu, farasi wa kafara aliibiwa na Indra, akafichwa chini ya ardhi karibu na mahali alipokaa mtakatifu Kapila katika kutafakari. Wana wa mfalme wakachimba ardhi yote wakimtafuta, na walipomwona farasi karibu na Kapila wakamwita mwizi. Kapila akafumbua macho, na kwa mtazamo wake mmoja wote wakawa majivu. Hapakuwa na maji ya kuyatakasa majivu hayo, nazo roho zao hazikuweza kuvuka. Mjukuu alijaribu asifanikiwe, naye mwanawe vilevile. Ndipo Bhagiratha, wa kizazi kilichofuata, alipouacha ufalme akafunga na kuomba miaka mingi, hata Ganga, aliyekuwa mto wa mbinguni, akakubali kushuka. Ili dunia isipasuke kwa uzito wa maji, Bwana Shiva aliyapokea katika nywele zake, kisha akayaachilia kidogo kidogo. Bhagiratha akatangulia, mto ukamfuata hadi baharini, na hapo ukayagusa majivu ya wazee wake.

Tazameni basi: kisasili kilicho kikuu kuliko vyote katika habari za mito yetu ni habari ya majivu yaliyosubiri. Nawaomba mlikumbuke neno hilo, maana nitalirudia.

Njia aliyopita Bhagiratha ndiyo njia ya mahujaji hadi leo: Gangotri milimani, Haridwar mto unapoingia tambarare, Prayag unapokutana na Yamuna, Varanasi, na mwisho Gangasagar mto unapoingia baharini. Prayag na Haridwar ni miongoni mwa mahali panne pa sherehe ya Kumbh. Pengine pawili ni Nashik kwenye Mto Godavari na Ujjain kwenye Mto Shipra. Husimuliwa kwamba miungu na asura waliikoroga bahari ili kupata amrita, maji ya uzima, wakagombania chungu chake, na matone yakaangukia mahali hapo pane. Mwaka 2017 UNESCO iliiingiza Kumbh katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na mwaka 2025 mlioshuhudia kwa televisheni mliona wenyewe umati uliofika Prayag. Sina la kuongeza.

Sisi tuliotokana na Gujarat, hata hivyo, mto wetu wa karibu ni Narmada, na hapa mtaniwia radhi nikikawia. Narmada huanzia Amarkantak, katikati ya India, hutiririka kilomita 1,312 kuelekea magharibi, na kuingia baharini karibu na Bharuch. Husemwa kwamba katika Ganga ni lazima mtu aoge, bali Narmada yatosha kumwona tu. Mahujaji wake humzunguka kwa miguu, kutoka chanzo hadi mlangoni mwa bahari na kurudi kwa ukingo wa pili, safari ipatayo kilomita 2,600, mto ukiwa daima mkono wa kuume. Hawaruhusiwi kumkatiza mahali popote. Huvuka kwa mashua kule tu anakoingia baharini. Kwa hiyo hija ya Narmada ni hija ya kutovuka, na mzee wangu mmoja alipenda kusema kwamba ndiyo hija ngumu kuliko zote kwa mfanyabiashara!

Katika mlima uleule wa Amarkantak pana asili ya mto mwingine, Sone, unaokwenda kujiunga na Ganga. Kisasili chasema Narmada alikuwa mchumba wa Sone. Kabla ya harusi alimtuma msaidizi wake Johila, ambaye naye ni mto, akamtazame bwana harusi. Sone akadhani huyo ndiye bibi harusi, akamchukua. Narmada alipojua aligeuka, akaenda zake magharibi, wala hakuolewa kamwe. Ukitazama ramani utaona hivyo hivyo: mito miwili imezaliwa jirani, ikapeana migongo.

Nimekileta kisasili hiki kwa kusudi. Mkoa wetu ulipoundwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya ulipewa jina la mto. Je, ni mto upi? Majirani zetu Wanyiha, Wandali na Wanyamwanga wanajua kwamba Songwe ni miwili. Mmoja hushuka kaskazini hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na njia ya kutokea. Wa pili huelekea Ziwa Nyasa, ukiwa mpaka wa Tanzania na Malawi, na katika tambarare yake hubadili mkondo kiasi kwamba mkulima aweza kulala nchi hii na shamba lake likaamkia nchi ile. Kutoka Nyasa maji yake huingia Mto Shire, kisha Zambezi, kisha Bahari ya Hindi. Nasi tukivuka Nakonde, tukaendelea kuelekea Kasama, tunakuta maji yaendayo Chambeshi, na hatimaye Kongo na Bahari ya Atlantiki. India wana mahali patakatifu ambapo mito hukutana. Sisi tunaishi mahali ambapo maji huagana.

Sasa kuna swali ambalo huulizwa kila tunapotoka kuchoma maiti, nalo huulizwa kwa sauti ya chini. Je, majivu ya mzee wetu yapelekwe wapi? Zamani jibu lilikuwa moja: yasubiri mpaka ndugu atakapokwenda India, ayapeleke Chandod kwenye Narmada, au Damodar Kund chini ya Mlima Girnar, au mwenye uwezo ayafikishe Haridwar. Leo vijana wengi hawana tena ndugu wanaowafahamu kule. Nauli ni kubwa, na viza ina masharti yake. Najua vyungu vilivyofungwa kitambaa chekundu ambavyo vimesubiri miaka, na wajane ambao hawalali vizuri kwa ajili hiyo. Hawa ni wana wa Sagara wa zama zetu.

Baadhi ya wazee husema pasipo Ganga hakuna kuvuka. Nawaheshimu, lakini naomba watazame afanyalo Pujari wetu kila asubuhi. Huchukua maji ya bomba ya hapa hapa, akayatia katika chombo cha shaba, na kwa mantra akaiita mito saba iingie humo: Ganga, Yamuna, Narmada, Godavari, Kaveri, Sindhu na Saraswati. Kati ya mito hiyo, Sindhu leo hupita kwa sehemu kubwa katika nchi ya Pakistan, nayo Saraswati haionekani tena machoni. Bado huitwa, nasi twaamini kwamba huja. Ikiwa mto usioonekana waweza kufika katika chombo chetu, sioni kwa nini Ganga asiweze kufika Songwe.

Wala hatutakuwa wa kwanza. Baada ya Mahatma Gandhi kuuawa tarehe 30 Januari 1948, majivu yake yaligawanywa yakapelekwa katika mito mingi. Sehemu moja ililetwa Afrika Mashariki, ikatiwa mwaka huohuo katika Mto Nile kule Jinja, Uganda, mto unapotoka Ziwa Viktoria. Mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India, I. K. Gujral, alizindua sanamu ya Gandhi mahali hapo, na wasafiri wengi wa imani mbalimbali hufika kuiona. Jinja imekuwa tirtha bila kitabu cha kale kuitaja.

Nasema bila kitabu cha kale kwa sababu kuna wanaopenda kudai kwamba Purana zinaeleza chanzo cha Nile. Habari hiyo ina asili yake, na yafaa ijulikane. Speke alipokuwa Zanzibar mwaka 1860 akijiandaa kwa safari yake, Balozi Rigby alimpa makala yenye ramani iliyoandikwa na Wilford, ofisa aliyekaa India, ikidai kutolewa katika Purana. Speke aliisifu katika kitabu chake cha 1863. Lakini Wilford mwenyewe alikuwa amekwisha kukiri, mwaka 1805, kwamba mwanazuoni aliyemwajiri alimdanganya kwa kubadilisha maneno katika miswada ili kumpatia alichotaka. Utakatifu wa Nile hauhitaji cheti cha kughushi. Majivu yale yanatosha.

Ndugu zetu waliohamia Leicester, wengi wao wakitokea Uganda, Kenya na Tanzania, nao hutia majivu ya wazee wao katika Mto Soar, kwa utaratibu uliokubaliwa na wenyeji. Neno la maana hapo ni utaratibu.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa Kamati ni hili. Tuchague kivuko kimoja katika Songwe unaokwenda Nyasa, wala si ule wa Rukwa, wala Mto Momba, kwa maana hiyo miwili huishia ziwani. Maji ya Songwe wa Nyasa hufika Bahari ya Hindi, nayo Narmada humwagika katika bahari hiyohiyo. Mtu aliyezaliwa Bharuch na kufia Tunduma atakuwa amerudi kwao kwa maji.

Lakini mto si wetu peke yetu. Majirani huchota humo, huvua humo na kunywesha mifugo. Wana mambo yao ya kuheshimu maji, kama wenzetu wa Rungwe walivyo na Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira. Kabla ya kupeleka hata chungu kimoja, wajumbe wetu waende kwa serikali ya kijiji na kwa wazee wa mahali hapo, waeleze jambo hili kwa upole na wasikilize jibu. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa nayo iulizwe. Kiteremshwe majivu tu, na maua machache. Kitambaa, mifuko ya plastiki, picha na chungu chenyewe virudi nyumbani. Mahali pawe chini ya pale watu wanapochota, na wakati uwe baada ya mvua, mto ukiwa na nguvu, si mwezi wa Oktoba maji yakiwa yamepungua. Wazee wa kijiji wakikataa, tutatafuta kwingine bila kinyongo.

Anayetaka kuendelea kwenda Haridwar aende, nasi tutamsindikiza hadi kituo cha basi.

Katibu ameandaa daftari pale mlangoni. Wenye vyungu vinavyosubiri waandike majina ya marehemu wao, pamoja na mwaka. Majirani wenye kuzijua vema kingo za Songwe upande wa Ileje tunawaomba wabaki nasi kwa chai, ili watuambie ni wapi mguu hugusa chini.