Maji Kwanza, Tindikali Baadaye: Kuzimua Asidi ya Salfuriki katika Ukanda wa Pamba

Mada ya semina ya usalama kazini, Nkoma, Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu



Neno letu la Kiswahili, kuzimua, ndilo linaloweza kutuponza katika kazi hii. Uji ukiwa wa moto mno kwa mtoto, mama huuzimua kwa maji baridi. Maji ya kuoga yakiunguza, tunaongeza ya mtungini. Tangu utotoni mkono umezoea hivyo: kilicho kikali kiko chini, maji yanamiminwa juu yake. Mpe mtu aliyelelewa hivyo pipa la tindikali ya asilimia 98, mwambie aizimue, na mkono utaitangulia akili.

Nilimwona kijana mmoja akifanya hivyohivyo katika karakana ya betri ambayo sitaitaja. Alikuwa na tindikali kama vikombe viwili ndani ya beseni, akachukua jagi la maji. Ukasikika mlio wa mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa na maji, na matone yakamrukia usoni. Macho yake yalipona kwa sababu mwenzake alimkokota hadi kwenye simtanki na kumwosha kwa muda mrefu, bila kuhangaika kutafuta dawa. Kijana yule hakuwa mzembe. Alizimua kama alivyofundishwa nyumbani.

Lita 1 ya tindikali kali ina uzito wa kilo 1.84, karibu mara mbili ya maji. Kwa hiyo maji yakimiminwa juu yake huelea, na joto lote la kuchanganyika huzuka pale yanapokutana, kwenye tabaka jembamba la maji. Tabaka hilo huchemka papo hapo. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kama mara 1,700 ya ile ya mwanzo, na mvuke huo hutoka ukiibeba tindikali. Ukianza na maji, mambo hubadilika: tindikali huzama, joto huenea katika maji mengi, nawe unakoroga. Wapishi wa ugali hawana haja ya kukariri kanuni hii. Maji ndiyo hutangulia sufuriani, unga hufuata kidogo kidogo, na mwiko hautulii.

Semina nyingi huishia hapo, na kwa maoni yangu huishia mapema mno. Mpangilio sahihi hauliondoi joto. Lita 1 ya tindikali ya asilimia 98 ikiingia katika lita 3 za maji, kupata nguvu inayokaribia maji ya betri, hutoa joto la kuchemsha lita nyingine 3 za maji ya bomba. Ukimimina haraka, mchanganyiko utapanda kwa nyuzi zaidi ya 70. Kwa maji ya Simiyu, ambayo mchana wa kiangazi hayana ubaridi wa kujivunia, hapo umefika kwenye mvuke hata kama ulitanguliza maji. Lita hiyohiyo ikiingia katika lita 16 za maji, kupata asilimia 10 hivi, nyuzi hazipandi hata 20. Hatari basi inategemea unataka kufika nguvu gani, na kwa kasi gani. Weka kipimajoto, mimina kidogo, koroga, subiri ipoe. Kwa fundi wa betri ushauri wangu ni mfupi zaidi: nunua maji ya betri yaliyokwisha kuzimuliwa, bakia na haidromita yako.

Asilimia 10 sikuitaja kwa kubahatisha. Mbegu ya pamba ikitoka jineri huwa na manyoya. Hugandamana, haishuki vizuri kwenye mashine ya kupandia, na manyoya huficha vimelea vya magonjwa. Mbegu za aina zilizozaliwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, kama UK91 na UKM08, zinaweza kuondolewa manyoya kwa tindikali. Katika njia mojawapo, tindikali huzimuliwa hadi karibu kiwango hicho, mbegu zikaloweshwa humo, zikakamuliwa kwa mashine ya kuzungusha, kisha zikakaushwa. Humo kikaushioni maji huondoka na tindikali hubaki, ikawa kali upya juu ya manyoya, nayo yakakauka na kupukutika yakisuguliwa. Yaani tulichokizimua kinarudia ukali wake mbele ya macho yetu. Anayesafisha kikaushio akidhani anashughulika na tindikali hafifu anajidanganya. Na kwa kuwa manyoya ni pamba, glovu za kitambaa na ovaroli ya pamba zitapata yaleyale. Vaeni glovu za mpira, miwani iliyofunga pande zote na aproni ya mpira, na suruali ikae nje ya gambuti, isichomekwe ndani, maana buti lililoingiwa na tindikali ni kikombe kilichofungwa mguuni.

Kisheria, Sheria Na. 3 ya 2003 imeweka kemikali za viwandani na majumbani chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Sheria Na. 5 ya mwaka huohuo inahusu usalama na afya mahali pa kazi. Nakala za sheria hizo zisifungiwe ofisini kwa meneja.

Nimalizie na chombo, kwani ndicho huulizwa mara chache. Tindikali kali huhifadhiwa katika chuma cha kawaida bila shida kubwa, kwa sababu hujitengenezea utando unaokilinda chuma. Iliyozimuliwa huula utando huo, ikakila na chuma chenyewe, na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Hivyo kuzimulia ndani ya pipa la chuma ni kosa, hata ukitanguliza maji. Na pipa lililokwisha kumwagwa hubaki na masalia. Ukilisuuza kwa maji kidogo umeshaizimua tindikali pasipo kukusudia. Pipa hilohilo likipelekwa kwa mchomeleaji ili alikate liwe hodhi la kunyweshea ng'ombe, cheche ya kwanza itakutana na haidrojeni.