Hotuba ya Katibu kwa Wanaushirika: Bajeti Yetu Ilivyopotea Ndani ya Simu



Tumeombwa tuandike hapa ubaoni yale tuliyoyasema mkutanoni, kwa ajili ya ndugu ambao hawakufika.

Mnajua wenyewe kuwa hapa Bariadi pamba inauzwa mara moja kwa mwaka. Mwezi Julai kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa na shilingi 960,000. Tulizigawa mafungu manne ndani ya ile programu ya hesabu kwenye simu: kulima shamba la kikundi 300,000, dawa ya kupulizia 400,000, sare za watoto 160,000, msiba na maradhi 100,000. Programu ilikuwa nzuri, tusiisingizie. Ilijumlisha bila kukosea, na karatasi haichanwi.

Mwezi Agosti simu ikasema programu imeboreshwa, tubonyeze kukubali. Tukabonyeza. Loo! Mafungu yote manne yakamwagwa chungu kimoja kinachoitwa salio. Maneno nayo yakageuka Kiingereza, na wengi wetu kusoma tumejifunza ukubwani, kwa Kiswahili, darasani kwenye kisomo. Halafu sasa inapanga matumizi kwa mwezi. Kila tarehe 1 inaanza upya, ya nyuma haiyakumbuki. Aliyeitengeneza nadhani analipwa kila mwisho wa mwezi. Mkulima wa pamba mshahara huo anautoa wapi?

Septemba watu saba wakaomba mkopo, kila mmoja 100,000. Tukatazama simu, tukaona salio 960,000, tukatoa. Hakuna aliyeuliza fedha za dawa ziko wapi. Mvua za Novemba zilipoanza tukaenda kukodi plau, tukakuta 260,000 tu. Kulima peke yake hakukutosha, na dawa hatuna hata chupa moja. Sasa ni palizi, na funza wa vitumba hangoji mtu.

Jamani, kijana anayeshika simu asilaumiwe. Viongozi tulikuwa tumekaa pale pale, tukamwambia bonyeza.

Kisomo chenye manufaa kilipoanza Kanda ya Ziwa mwaka 1968, pamba ilikuwa mojawapo ya masomo: wazee walisoma huku wakijifunza kilimo chao. Basi na sisi bajeti tumeirudisha kwenye kaunta buku, kila fungu na ukurasa wake, msimu hadi msimu. Simu ibaki kuandika fedha zinazoingia na kutoka. Mkopo hautolewi mpaka ukurasa wa fungu usomwe kwa sauti mbele ya kikundi. Na simu ikitaka kuboreshwa tena, kwanza tunanakili kila kitu kitabuni.

Wale saba hatuwataji hapa ubaoni. Lakini sisi Katibu wenu tumo, na tumesharejesha 50,000. Tunawaomba wenzetu sita walete walau nusu, tupate chupa za kuanzia. Mtunza hazina yupo ghalani Jumamosi tangu asubuhi, na kaunta buku analo.



Katibu