Sindano ya jicho na bei yake

Msikilizaji, familia ikiambiwa kwamba bibi atachomwa sindano ndani ya jicho, nyumba nzima huingiwa na hofu. Wengine huacha miadi ipite. Hofu hiyo naielewa, ila mimi naiogopa zaidi bei ya dawa iliyomo.

Katikati ya retina, nyuma ya jicho, kuna sehemu ndogo iitwayo makula. Kwa sehemu hiyo tunasoma, tunachambua mchele, tunatambua sura za watu. Kwa baadhi ya wazee, mishipa mipya ya damu, tena dhaifu, huota chini yake na kuvuja. Fremu ya mlango huanza kuonekana imepinda. Kisha doa hukaa katikati: bibi anayaona masikio ya mjukuu, uso haumo. Nyumbani watu husema ni mtoto wa jicho, asubiri upasuaji. Akisubiri, panabaki kovu, na kovu hilo haliondoki.

Sindano yenyewe ni ya sekunde chache. Jicho hutiwa matone ya ganzi, husafishwa kwa iodini, kope hushikiliwa kwa kibanio, na sindano nyembamba hupitishwa kwenye weupe wa jicho. Dawa inayoingia ni mililita 0.05, yaani kama tone moja. Vidoa vikielea machoni siku ya kwanza, asihangaike. Jicho likiuma sana au uoni ukififia siku zinazofuata, arudi hospitali siku hiyo hiyo, maana maambukizi ya ndani ya jicho ni nadra lakini hupofusha.

Kwa kawaida huanza sindano tatu, moja kila mwezi, kisha nyingine kwa miaka. Hapo ndipo bei inapouma.

Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha Avastin, dawa ya saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2005 Daktari Philip Rosenfeld wa Miami akaijaribu kwenye jicho, ikasaidia. Mwaka 2006 kampuni iliyotengeneza Avastin ikapata idhini ya Lucentis, dawa ya jamii moja nayo, iliyotengenezwa kwa ajili ya jicho. Dozi ya Lucentis ilifika dola 2,000 hivi. Ya Avastin, ikigawanywa kutoka chupa kubwa, dola 50. Utafiti uliogharamiwa na serikali ya Marekani ukazilinganisha, na mwaka 2011 ukaonyesha kwamba zinalinda uoni kwa kiwango kilekile. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka bevacizumab, ndiyo hiyo Avastin, kwenye orodha ya dawa muhimu za macho. Hata hivyo kampuni za dawa za Novartis na Bayer zilizishtaki mamlaka 12 za afya za kaskazini mwa England kwa kutaka kuwapa wagonjwa Avastin. Mwaka 2018 zikashindwa mahakamani.

Jambo hili linatuhusu huku kwetu, kwa sababu dawa hiyohiyo hutibu retina iliyovimba kwa kisukari, na kisukari tunacho majumbani. Nasema wazi: hospitali ya rufaa yenye daktari wa retina haina sababu ya kukosa chumba safi na mfamasia wa kuigawa dawa hii, na bima haina sababu ya kuikataa. Chupa moja hutoa dozi za wagonjwa wengi, mradi igawanywe kwa usafi wa hali ya juu.

Nawe mwenye mzazi aliyeandikiwa sindano hii, usitoke kwa daktari kabla hujamuuliza, kwa jina, kama bevacizumab inamfaa.