Sindano Si Bora Kuliko Kidonge Kila Mara



Mtu atokaye Section 58, Bahati au Njoro kwenda hospitali mjini Nakuru, akirudi na vidonge bila kudungwa sindano, mara nyingi hujiona amedharauliwa. Huwaambia jirani zake, "Sikutibiwa, nimepewa tembe tu."

Imani hii ina asili yake. Katika miaka ya 1920 madaktari wa serikali nchini Kenya walitumia sindano kutibu buba, na vidonda vilivyowasumbua watu muda mrefu vikakauka upesi. Katika miaka ya 1950 ikaja penisilini, nayo ikaponya buba kwa sindano moja. Ndipo sindano ikapata sifa ya kuwa mfalme wa dawa.

Lakini nguvu ya dawa haimo katika maumivu ya sindano. Dawa nyingi za kumeza huingia katika damu na kufanya kazi barabara. Sindano hufaa pale mgonjwa asipoweza kumeza, au ugonjwa uwapo mkali hata haungoji. Mgonjwa aliyezimia kwa malaria kali huhitaji sindano za artesuneti mara moja, kwa muda wa saa 24 au zaidi. Awezapo kumeza, humalizia kwa vidonge vya mseto. Mwenye malaria isiyo kali hupewa vidonge tangu mwanzo.

Sindano isiyo ya lazima si hasara ya fedha tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2000 sindano zisizo salama ziliwaambukiza watu milioni 21 homa ya ini ya aina ya B, na wengine 260,000 virusi vya UKIMWI.

Hapa ndipo ilipo kazi ya mfamasia wa hospitali. Yeye huchungua cheti cha daktari, huuliza kama kidonge chatosha, na huhakikisha kipimo na maji ya kuchanganyia. Seftriaksoni, kwa mfano, haichanganywi na maji ya dripu yenye kalisi, kwani chenga zitokeazo zaweza kumwua mtoto mchanga.

Basi mgonjwa na aulize bila haya: "Je, dawa hii yaweza kumezwa?" Ikilazimu sindano, na aone pakiti mpya ikifunguliwa mbele ya macho yake. Wala asidungwe na mchuuzi wa sokoni. Aliyepewa vidonge vimfaavyo, akavimaliza kama alivyoagizwa, hakudharauliwa, ametibiwa.